Tulipowafunza madaktari kumwinua mtu mzima kitandani

Faili lililonifikia kutoka wodini aghlabu lilikuwa na neno moja tu la daktari: "Fizio." Halikueleza mgonjwa alikuwa akijiwezea nini kabla ya kuugua, presha yake inakuwaje akisimama, wala kama mfupa uliotiwa vyuma unaruhusiwa kukanyagiwa. Nikifika kitandani namkuta mtu mzima wa miaka 70 na kitu kalala chali, mrija wa mkojo bado umo ijapokuwa hauna kazi tena, na binti yake kajikunja sakafuni juu ya mkeka kwa uchovu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwetu Pemba watu hutuita madaktari wa mazoezi, na madaktari wenyewe hutukumbuka wanapokuwa wameshamaliza yao.

Kwa hivyo wakubwa waliponiita na kuniambia nisaidie kuwafunza madaktari jinsi ya kuwarejesha wazee katika hali ya kujiweza, nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Wodini daktari ndiye anayesema, mtu wa mazoezi hungoja aulizwe. Naandika yaliyotokea kwa ajili ya yule atakayepewa kazi hii kesho, awe Unguja, Tanga au kwengineko, asianzie pale tulipoanzia sisi.

Tulianzia ukumbini. Mfadhili alituletea mafunzo yaliyokwisha kutayarishwa, pamoja na mwalimu mgeni kutoka Ulaya. Picha za ukutani zilimwonesha bibi wa Kizungu akitoka kwenye hodhi la kuogea kwa kushika vyuma, akipanda ngazi yenye zulia, akijitengenezea chai kwenye jiko linalomfika kiunoni. Madaktari walikuwa na adabu zao. Waliandika, walikunywa chai kwa maandazi, walisaini posho. Tukawatajia takwimu nzito: kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrejesha mtu katika kujiweza, zingeweza kuwasaidia, na kwamba tangu mwaka 2017 shirika hilo linazitaka nchi ziziingize huduma hizo katika matibabu ya kawaida. Wakatikisa vichwa. Ndipo daktari mmoja kijana, mzaliwa wa Wingwi, akanyanyua mkono: "Na bibi yangu anayepika kwenye mafiga, choo chake cha kuchuchumaa kiko nyuma ya nyumba na kizingiti kinamfika nusu ya muundi, yeye yumo wapi humu?"

Yule mgeni, namsifu kwa hili, hakujitetea. Aliifunga kompyuta yake akasema, basi nipelekeni kwake. Kuanzia hapo mafunzo yakahama ukumbini, na kama ningepewa tena kazi ile nisingekodi ukumbi kabisa. Fedha zake ningezitia kwenye mafuta ya gari.

Kabla ya majumbani tulipita wodini. Tuliwataka madaktari walale wao kitandani, chali, wasijigeuze mpaka wageuzwe, kisha wenzao wawainue. Mwanzo kilikuwa kicheko kitupu. Daktari mwenye mwili mkubwa aliyeinuliwa kwa kushikwa makwapani alipiga ukelele, akakaa anajisugua bega. Nikamwambia, hilo bega lako ni zima. Mgonjwa wa kiharusi bega lake la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, ukimvuta mkono au ukimnyanyua kwa kwapa unalitoa mahali pake, na maumivu yake yatamzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Tukawaonesha kanga. Ikunje kwa urefu mpaka iwe kama mkanda mpana, mfunge mgonjwa kiunoni, umshike hapo. Miguu yake irudi nyuma chini ya magoti, kiwiliwili kiiname mbele, ndipo asimame. Kanga ipo kila nyumba na haihitaji mfadhili.

Kilichowagusa zaidi ya takwimu zote, hata hivyo, kilikuwa utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007. Wazee wenye afya zao, wasioumwa na kitu, walilazwa kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Nilimwona daktari dhamana akizitazama kadi za wagonjwa zilizotundikwa vitandani, anahesabu kimya kimya nani kaingia lini. Siku hiyo hiyo mirija miwili ya mkojo ilitolewa.

Hapo ndipo nilipofahamu tunachotakiwa kuwafunza. Hatukuwa na haja ya kuwageuza madaktari kuwa watu wa mazoezi. Mazoezi tunayo sisi. Yapo maamuzi ambayo mimi sina mamlaka nayo, na asipoyaandika yeye, kazi yangu yote husimama. Mrija utoke lini. Dawa ya maumivu itolewe saa ngapi ili mgonjwa aweze kuinuka nusu saa baadaye. Je, anameza salama? Kuna wazee wamepata kiharusi jana na leo wananyweshwa uji wamelala, uji unaingia mapafuni, na baada ya siku chache tunaambiwa "kifua kimembana." Mkalishe wima, mpe maji kijiko kimoja kimoja, sikiliza: akikohoa, au sauti ikigeuka ya majimaji, usimpe uji mpaka apimwe vizuri. Ni jambo la dakika chache na daktari yeyote analiweza.

Halafu dawa. Tulikuwa na mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye kila nikimsimamisha anaregea na kutaka kuanguka. Familia ilishaamini ana jambo la kutupiwa. Daktari aliyekuwa nami mafunzoni akampima presha amelala, kisha akampima tena amesimama, akamwacha dakika moja, akarudia kabla ya dakika ya tatu. Kipimo cha juu kilishuka kutoka 152 hadi 116. Kushuka kwa 20 peke yake kunatosha kutia wasiwasi. Akaomba mfuko wa dawa. Zilikuwamo dawa za presha za aina tatu, kila moja imeandikwa kliniki yake, na juu yake dawa ya tezi dume ambayo nayo hushusha presha mtu anaposimama. Akazipunguza, akamfuatilia, na baada ya muda mzee akaanza kutembea na bakora. Mimi ningemfanyisha mazoezi mwaka mzima na bado angekuwa anaanguka.

Bakora yenyewe ina elimu yake, na nilishangaa ni madaktari wangapi hawaijui. Mgonjwa asimame, mkono uning'inie. Kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono. Aishike kwa mkono wa upande mzima, sio wa upande unaouma. Chini itiwe kipande cha mpira wa tairi, kwani sakafu zetu za saruji zikimwagika maji ni utelezi mtupu. Seremala wa mtaani anaimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri.

Sasa nije kwenye nyumba iliyotuumiza roho. Upande wa Micheweni kulikuwa na bibi aliyeanguka msalani akavunjika nyonga. Alipelekwa kufanyiwa operesheni hospitali moja nje ya Pemba, akarudishwa kwa boti na karatasi ya ruhusa. Karatasi ilikuwa na majina ya dawa na neno "apumzike." Kuhusu kukanyaga, hakuna. Watoto wake wakampumzisha. Walimpumzisha kwa mapenzi yote: wakamnunulia godoro jipya, wakampokeza zamu usiku na mchana, wakamlisha, wakamwosha, hawakumwacha ainue hata kikombe. Tulipofika miezi ilikuwa imeshapita. Magoti yamekunjamana hayanyooki, visigino vina vidonda, sauti imekuwa ndogo.

Daktari niliyekwenda naye aliishika picha ya eksirei akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Vyuma vilikaa vizuri. Akatoka nje akampigia simu daktari aliyempasua, na nikamsikia akirudia jawabu kama mtu asiyeamini: "Alitakiwa akanyage tangu siku ya pili?" Aliporudi ndani hakujua amwambie nini yule binti mkubwa, na binti alikuwa ameshasikia. "Basi sisi ndio tuliomlaza mama yetu," akasema, akaanza kulia.

Yule daktari alikaa naye mkekani, akamwambia: "Dada yangu, nyinyi mmefuata karatasi. Karatasi ndiyo iliyopungua." Nafikiri hayo ndiyo maneno bora niliyoyasikia katika mafunzo yote. Kisha akamweleza ukweli bila kuupamba: magoti hayatarudi kama zamani, kutembea huenda kusiwezekane, ila kukaa, kujilisha na kuhamia kwenye kiti inawezekana kwa kazi ya kila siku. Bibi alifika kukaa barazani. Kutembea hakutembea.

Kutokana na nyumba ile tulikubaliana na madaktari wetu kwamba mgonjwa wa mfupa wa mguu asitoke wodini bila mojawapo ya maneno haya kuandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi yake: akanyage kwa uzito wote, agusishe tu, au asikanyage kabisa mpaka tarehe fulani. Na kama operesheni imefanyika kwengine, daktari anayempokea mgonjwa apige simu siku hiyo hiyo. Katika yote tuliyoyafunza, hili ndilo lisilogharimu zaidi ya vocha.

Jambo jengine ambalo ukumbini lisingejulikana ni radhi. Mtoto wa Kipemba akimwona mama yake anahangaika kufunga kifungo, mkono wake unakwenda wenyewe kumfungia. Kumwacha mzazi ahangaike mbele za jirani ni fedheha, na kuna khofu ya kukosa radhi zake. Daktari kijana akija na kusema "mwacheni afanye mwenyewe" ataonekana hana malezi. Tulijaribu kuwaeleza kwa lugha ya kitaalamu, haikushika. Kilichoshika kilitoka kwa bibi mmoja wa Kengeja, na kilianza kwa swali la salamu tu.

Daktari alimwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akamuuliza hali, kisha, sijui kwa nini, akamuuliza: "Bibi, siku hizi unaswali vipi?" Bibi akajibu kwa kirefu kuliko alivyojibu swali lolote la maradhi. Kabla ya kiharusi alikuwa akiswali kwa kusimama na kusujudu. Akaja akaswali kwa ubavu. Sasa anakaa, lakini akijaribu kurukuu anaelemea kushoto, na kutia udhu anatiliwa maji na mkwe wake, jambo linalomtia haya. Katika maelezo hayo daktari alipata kila alichokihitaji: nguvu za kiwiliwili, mizani ya mwili, matumizi ya mkono, na kile ambacho mgonjwa mwenyewe anakitamani.

Kila Mwislamu wa huku anajua mafundisho ya Mtume: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Tukayafanya kipimo chetu. Anayeswali kwa ubavu leo, lengo letu ni akae. Anayekaa, tumtafutie kusimama kwa kushikilia. Na kwa kuwa sala ni tano kwa siku, mgonjwa anapata mazoezi mara tano bila kuambiwa "fanya mazoezi." Watoto nao hawaoni vibaya tena kumwacha mama ajitahidi. Kumsaidia mzazi asimame kwa Mola wake hakuwezi kukosesha radhi. Imamu wa mtaa mmoja alilizungumza baada ya sala ya Ijumaa, na wiki iliyofuata tulipata wageni klinikini ambao hawajawahi kuandikiwa barua na daktari.

Naongeza tahadhari. Mafunzo yalikuja na kipimo cha Barthel, cha kupima mtu anajiweza kiasi gani katika mambo ya kila siku, chenye vipengele kumi na alama hadi 100, kinachotumika duniani tangu 1965. Kimojawapo ni kupanda ngazi, na vijijini kwetu ngazi hakuna. Baadhi ya madaktari walitaka tukikate na kukishona upya. Nilikataa. Ukikibadilisha huwezi tena kuwalinganisha wagonjwa wako na wa kwengine, wala mgonjwa wa leo na faili lake la mwaka jana. Kiache kilivyo, na pembeni yake andika mambo yako: kuchuchumaa, kukaa chini na kuinuka, kujitilia udhu, kuvuka kizingiti. Kwa anayeshindwa kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kimewarejeshea heshima yao wazee wengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kukiagiza.

Kuhusu wakandaji najua wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Hapa Pemba mtu akipooza, mkandaji anaitwa kabla ya gari kutafutwa. Ukimkataza, familia itakuitikia "ndiyo daktari" na atakuja usiku. Sisi tuliwaita wakandaji wawili wakae na madaktari. Tuliwaomba mambo matatu: wasiuvute mkono uliopooza, wasikande panapovimba ghafla kwenye muundi kwani huenda ni damu iliyoganda, na wasiguse mfupa uliovunjika. Mmoja wao, mama mtu mzima, akatugeukia: na nyinyi je, mbona mgonjwa wa kiharusi mnamlaza ukutani, upande wake uliopooza hauoni watu wala hausemeshwi? Alikuwa na haki. Tulivigeuza vitanda.

Wagonjwa wanawake wanahitaji busara zaidi. Daktari wa kiume asimfunge bibi kanga kiunoni bila ya kumwomba ruhusa yeye mwenyewe, sio mwanawe, na awepo muuguzi wa kike au binti. Tulikuwa na bibi aliyekataa kuinuka kila alipokuja daktari fulani, ikaandikwa "hana ushirikiano." Alikuwa anataka mtandio wake tu.

Gharama hazikuwa ndogo, na nyingi zimeangukia familia. Pencheni Jamii, inayolipwa wazee wa miaka 70 na zaidi Zanzibar tangu 2016, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000. Ni msaada mkubwa, lakini gari ya kukodi kutoka kijijini mpaka hospitali, na kurudi, huimaliza haraka. Ndiyo maana tuliwataka madaktari waache kuandika "arudi kila wiki" na badala yake wapange ziara moja ya maana pamoja na simu. Kwa upande wetu mafuta yaliisha kabla ya mafunzo, na posho zilipokwisha baadhi ya madaktari walipungua. Waliobaki ndio niliowahitaji.

Pigo lilikuja baadaye. Madaktari huhamishwa. Katika muda usio mrefu wengi wa tuliowafunza walikuwa wameshapelekwa Unguja au wamekwenda kusoma, na siku moja faili likanifikia tena na lile neno moja. Nilikasirika sana. Kilichotuokoa ni wauguzi na wahudumu wa wodi waliokuwa wakisimama nyuma wakati wa mafunzo, hawakualikwa rasmi wala hawakulipwa. Wao hawahamishwi sana. Muuguzi mmoja ndiye sasa anayemwambia daktari mgeni, kwa upole, "Daktari, hujaandika akanyage au asikanyage." Ukipanga mafunzo kama haya, waandike wao kwanza kwenye orodha.

Na uchague wakati. Usiweke Ramadhani, kwani wazee wanafunga hata walioruhusiwa kula, maji mwilini ni machache, presha za kusimama zinakudanganya, na mchana hakuna mwenye nguvu za kuinuliwa. Usiweke msimu wa karafuu pia. Nyumba zitakuwa tupu, watu wako mashambani, na wodi zitajaa vijana walioanguka mikarafuuni. Hao nao wana haki ya mtu wa mazoezi, na hutompata daktari wa kukaa na wewe kwa ajili ya wazee. Asubuhi baada ya chai ndiyo saa yake, kabla jua halijawa kali na kabla daktari hajaitwa chumba cha upasuaji.